Nimesimama, Mama

Paukwa!

– Pakawa!

Aa, pakawa gani hiyo, ya watu wenye njaa? Paukwa!

– Pakawa!

Haya, hiyo nimeisikia. Watoto mbele, wakubwa nyuma. Na nyinyi wawili mliogombania mpaka wa shamba jana, kaeni pamoja. Hapo hapo, bega kwa bega. Msitazamane! Sijataja jina la mtu.

Hapo zamani za kale, kale kweli kweli, wakati watu na wanyama walikuwa bado wanaamkiana, shikamoo, marahaba, palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Somoe. Bi Somoe alikuwa mfinyanzi. Macho yake yalikuwa hayaoni. Yalianza kidogo kidogo, leo ukungu, kesho ukungu, mpaka yakafunga kabisa.

Lakini mikono! Mikono ya Bi Somoe ilikuwa inaona. Anachota udongo, anaufinya, anauonja kwa ulimi, ptu! anatema. "Huu una mchanga." Anachota mwingine, anaufinya, anausokota kama kamba, anaukunja. Haukatiki. "Huu ndio." Akifinyanga chungu, chungu kinakaa. Ukikigonga kinalia. Kinaliaje?

Ngeee!

Shida ilikuwa moja. Udongo wenyewe uko mbali, kule machimboni, ukingoni mwa mto. Njia ina miiba. Njia ina mashimo ya muhanga. Njia ina gogo la kuvukia kijito. Atafikaje?

Wanyama wakasema, "Tutakuletea sisi." Wakaleta. Ngiri kaleta udongo wa mchanga. Nyani kaleta udongo wenye mizizi. Bi Somoe akafinyanga, akaanika, akachoma. Moto ukawaka. Paa! Chungu cha kwanza. Paa! Cha pili. Paa, paa, paa! Hakikubaki hata kimoja.

Wanyama wakaanza kunong'ona. "Bi Somoe ndiyo basi tena. Tumkalishe ndani kwenye mkeka, tumpelekee uji, apumzike."

Bi Somoe akasikia. Si haoni tu? Masikio anayo! Akatoka nje, mikono yote matope. "Nani akae kwenye mkeka? Mimi? Uji wenu kunyweni wenyewe! Mimi nataka mtu wa kunifikisha machimboni, udongo nitauchagua kwa mkono wangu!"

Akasokota kamba ya ukindu, nyembamba, ngumu. Akasema, "Mwenye macho na aje ashike."

Wa kwanza akaja Swala. "Mimi, Bi Somoe! Nina macho makubwa kuliko wote." Wakaenda. Jani likatikisika, kwacha! Swala huyooo, karuka. Bi Somoe nyuma anaburuzwa, viatu huku, ungo kule.

"Swala, kuna nini?"

"Jani, Bi Somoe!"

"Rudi kwenu."

Wa pili akaja Mbuzi. Hatua moja, anakula. Hatua mbili, anakula. Jua likapanda, jua likashuka, hawajafika hata kwenye gogo.

"Mbuzi, tumefika wapi?"

"Kwenye majani matamu, Bi Somoe."

"Rudi kwenu."

Wa tatu akaja Fisi. Huyo alikwenda vizuri! Moja kwa moja. Halafu pua ikanusa, fu, fu. Mahali fulani kuna mzoga. Fisi akasema, "Bi Somoe, simama hapa kidogo, nakuja sasa hivi." Hiyo sasa hivi ya Fisi! Bi Somoe kasimama juani mpaka nywele zikanuka moshi. Fisi akarudi tumbo ndiii, anacheua.

"Fisi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natazama njia."

"Njia inanuka hivyo? Rudi kwenu!"

Basi Fisi alikuwa na ndugu yake, Mbwa. Mama zao tumbo moja. Wakati huo Mbwa alikuwa anaishi porini na Fisi, analala alipolala Fisi, anakula alichobakiza Fisi, yaani hali. Amekonda, mbavu unazihesabu. Mbwa akaja taratibu, akakaa chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi Mbwa. Macho yangu si makubwa. Lakini nina pua, nina masikio, na nina miguu inayosikia ardhi."

Bi Somoe akampa kamba. Wakaenda. Penye mwiba Mbwa anapinda, naye Bi Somoe anapinda. Penye shimo Mbwa anazunguka, naye Bi Somoe anazunguka. Kwenye gogo, pole pole, mguu mmoja, mguu mwingine, haoo, wamevuka! Wakafika machimboni. Bi Somoe akachota udongo wake, akaufinya, akauonja, akausokota. Akacheka mpaka machozi.

Wanyama waliowaona njiani wakaangua kicheko. "Jamani, njooni muone! Mtu mzima kafungwa na mbwa! Nani kamfunga mwenzake?"

Bi Somoe akageuka, akaweka mkono kiunoni. "Semeni. Semeni sana. Mtachoka!" Akampapasa Mbwa kichwani. "Na wewe kuanzia leo jina lako ndilo hilo. Mtachoka."

Mnayajua majina ya mbwa wa kwetu. Mtu akigombana na jirani hasemi, anamwita mbwa wake tu, kwa sauti. Basi kila asubuhi Bi Somoe anatoka mlangoni, anaita, "Mtachokaaa!" Swala akisikia anainamisha kichwa. Mbuzi anajifanya anatafuna. Lakini Fisi, Fisi jina hilo linamchoma hapa, chini ya mbavu. "Ananisema mimi huyu. Mbwa, mtoto wa mama mdogo, analala jikoni kwenye joto, anapewa mifupa, halafu jina lake nitukanwe nalo mimi!"

Bi Somoe akamvisha Mbwa njuga shingoni, cheke cheke cheke, na safari ikawa na wimbo. Nikisema mimi, nyinyi itikieni, mimi ni Bi Somoe na nyinyi ni Mbwa:

Mtachoka, twende!
– Twende, mama!
Njia i wapi?
– I miguuni!
Miguu ya nani?
– Yangu na yako!

Siku moja asubuhi Mbwa amelala jikoni. Bi Somoe kachukua ungo wake, kasimama mlangoni. "Mtachoka, simama twende." Mbwa alikuwa ameshaanza kuinuka, kainua miguu ya mbele tu. Kusikia simama, akabaki hivyo hivyo. Mbele juu, nyuma chini. Kimya.

"Mtachoka, simama!"

"Nimesimama, mama."

"Mbona njuga siisikii?"

"Si umesema nisimame? Nimesimama."

"Simama, inuka! Si simama, usiende!"

"Mama, neno moja linanituma kazi mbili. Nishike ipi?"

Bi Somoe akafikiri. Akaanza kucheka. Akacheka, Mbwa naye akacheka, mbele juu, nyuma chini. Bi Somoe akakaa kwenye kinu. "Sikiliza, mwanangu. Nikitaka unyanyuke nitasema inuka. Simama tutaiweka kando, iwe na kazi moja tu: usiende. Nikisema simama, hata kama unaona nyama mbele, unasimama."

"Sawa, mama. Na nikisimama mimi?"

"Ukisimama wewe?"

"Ndiyo. Siku nikisimama mimi, bila kuambiwa. Wewe utafanyaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Bi Somoe swali hilo. Akamshika Mbwa masikio yote mawili. "Siku ukisimama wewe, nami nimesimama. Hata kama sijui kwa nini."

"Haki ya Mungu, mama?"

"Haki ya Mungu."

Nyuma ya ua kulikuwa na nani? Fisi! Anasikiliza. Huyo hakosi penye maneno ya ndani.

Sasa msimu huo Simba akatangaza arusi. Binti yake anaolewa. Akatuma mjumbe kwa Bi Somoe: nataka chungu kikubwa, kikubwa kuliko vyote, siku tisa kiwe tayari. Mbuzi akauliza, "Cha kupikia nini?" Akajibiwa, "Utajua." Mbuzi hakuuliza tena.

Na wanyama wakasema mbele ya Bi Somoe, safari hii hawakunong'ona, "Hiki kikilia paa, mama, basi. Mkekani. Udongo hushiki tena." Bi Somoe akajibu, "Na kikilia ngeee?" Wakasema, "Kikilia ngeee, tutanyamaza mpaka tufe."

Maneno hayo mazito. Siku tisa! Na mvua nayo ikaja. Siku ya kwanza mvua. Siku ya pili mvua. Siku ya tatu mvua, mto unanguruma mpaka unausikia jikoni. Siku ya nne jua likatoka. Zimebaki tano. Kufinyanga, kuanika, kuchoma, zote katika tano!

Bi Somoe anatafuta ungo wake, mara hodi. Fisi.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, Fisi. Sema haraka, nina safari."

"Sina neno mie. Nakuonea huruma tu. Huyo ndugu yangu Mbwa, kabla ya mvua si alikusimamisha njiani?"

"Alisema siafu wanapita."

"Uliwaona?"

"Fisi, mimi naona?"

"Na siku ile nyingine?"

"Alisema nyoka."

"Ulimwona huyo nyoka?"

Bi Somoe akaugeuza ungo mikononi.

"Basi," Fisi akasema, sauti laini kama mlenda. "Mie sisemi kitu. Mbwa ni damu yangu, nitamsemaje? Lakini wenzako wanajua akisimama anafanya nini. Anapumzika. Anajikuna viroboto. Wewe umesimama pembeni, unasubiri, unasema ahsante. Kwaheri, Bi Somoe."

Mnaona maneno hayo? Hakumtukana Mbwa hata kidogo. Maneno ya kuvunja nyumba za watu hayaji na kelele, yanakuja na shikamoo. Nimeyasikia mengi, ningekuwa nayaweka kapuni yangejaa chumba.

Bi Somoe akatoka. Akashika kamba. Leo hakumpapasa Mbwa kichwani. Mbwa akaona.

Mtachoka, twende!
– Twende, mama!
Njia i wapi?
– I miguuni!

Wakapita penye mwiba. Wakapita penye shimo. Wakavuka gogo, maji chini yanapiga, gurumu gurumu! Wakapanda kilima. Machimbo yale pale. Hatua ishirini. Hatua kumi. Hatua tano.

Njuga zikanyamaza.

Mbwa kasimama.

"Mtachoka, twende."

Kimya.

"Mtachoka! Twende!"

"Mama, nimesimama."

"Kuna nini? Siafu?"

"Hapana."

"Nyoka?"

"Hapana, mama. Nikitazama naona majani tu, na udongo uleule wa siku zote."

"Sasa?"

"Sijui, mama. Miguu yangu imekataa. Chini hapa kuna kitu kinasema, sielewi kinasema nini."

"Hujui!" Bi Somoe akapiga mguu chini. "Siku tano, Mtachoka! Siku tano watu wanikalishe mkekani kama gunia, na wewe hujui!"

Nyuma yao, kwi kwi kwiii! Fisi huyo, kawafuata njia nzima. "Si nilikwambia, Bi Somoe? Machimbo yako hapa, ukinyoosha mkono unayashika. Pakavu, peupe, hakuna hata mdudu. Kachoka mbwa wako! Mtachoka kachoka! Kwi kwi kwi!"

Bi Somoe hasira zikampanda. Akaichomoa ncha ya kamba kwa Mbwa, akaitupa, ncha ya pili kaishika. "Fisi! Shika wewe!"

Wee! Fisi kairukia ile kamba kabla haijagusa chini. Akaivuta. "Twende, Bi Somoe, twende!"

Mbwa akafanya nini? Hakubweka. Hakumng'ata ndugu yake. Akaenda akajilaza juu ya miguu ya Bi Somoe, tumbo lote, uzito wote.

"Toka!"

Hatoki.

"Toka nakwambia!"

Hatoki. Fisi anavuta mbele, Mbwa kalala chini, Bi Somoe katikati. Akauchomoa mguu mmoja, akauinua juu, anataka kumruka. Akapiga kelele, kelele ya kusikika ng'ambo ya mto, "Mtachoka, SIMAMA!"

Alitaka kusema nini? Inuka! Inuka, toka njiani! Lakini hasira haichagui neno. Limetoka lile. Lile lililowekwa kando, lenye kazi moja tu.

Mbwa akajibu kutoka chini ya miguu yake, polepole.

"Nimesimama, mama. Na wewe je?"

Jamani! Mguu wa Bi Somoe uko juu. Fisi anavuta. Mto unanguruma. Mguu uko juu, na neno lake mwenyewe linamrudia masikioni. Ukisimama wewe, nami nimesimama. Hata kama sijui kwa nini. Haki ya Mungu.

Mguu ukarudi nyuma. Taratibu. Ukatua pale pale ulipotoka.

"Nami nimesimama," akasema Bi Somoe.

"Aa, bwana!" Fisi akakasirika. "Watu gani nyinyi! Tazama, mimi nimefika! Mimi niko juu yake! Udongo mgumu kama mwamba! Unasikia?" Akaanza kuruka juu ya ukingo, kamba bado mkononi. "Ti! Unasikia? Ti! Unasikia? Ti..."

Mgii.

"Nini hiyo?" Fisi akauliza.

Mgiiii.

BWAAAAA!

Ukingo wote, mzima mzima, na majani yake na Fisi wake, chini! Kumbe siku tatu zile za mvua mto ulikuwa unaula ule ukingo kwa ndani. Juu pamebaki ganda, kama ukoko wa wali. Kamba ikafyatuka, ikamvuta Bi Somoe, akayumba, akaenda mbele. Mbwa kamshika nguo kwa meno, ng'waa! Kamvuta nyuma, wakaanguka wote wawili, Bi Somoe juu ya Mbwa, Mbwa juu ya ungo.

Udongo unamwagika tu, swaaa.

"Mtachoka," Bi Somoe akasema.

"Naam, mama."

"Mbele yetu kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Hakuna kitu kabisa."

Bi Somoe akamkumbatia yule Mbwa. Akalia, akacheka, akalia. "Niliitupa kamba yako, mwanangu. Mikono yangu hii."

"Kamba uliitupa, mama. Miguu hukuitupa."

Mara wakasikia kutoka chini, "Bi Somoee! Mdogo wanguu! Nakufaa!" Fisi. Yuko kwenye matope mpaka shingoni, maji yanamjia, na kamba bado kaing'ang'ania, hataki kuiachia hata akifa.

Bi Somoe akaushika mwisho wa kamba. "Mtachoka, huyu ni ndugu yako. Sema."

Mbwa akatazama chini. Akakumbuka mabaki ya porini. Akakumbuka kwi kwi kwi. Akasema, "Tuvute, mama. Nikimwacha, mama mkubwa nitamwambia nini?"

Wakavuta. Harambee! Huyoo! Harambee! Huyoo! Fisi akatoka, chopo! Mguu wa nyuma umeteguka, na matope yamemrukia mwili mzima, tone hapa, tone pale. Akasugua kwenye majani. Hayatoki. Akasugua kwenye mti. Hayatoki. Udongo wa mfinyanzi ule, si mchezo! Ndiyo yale madoa mnayoyaona mpaka leo. Akaondoka anachechemea, hata ahsante hakusema.

Bi Somoe akainama, Mbwa kamshikia nguo. Akaupeleka mkono pale ukingo ulipokatika. Akachota. Akafinya. Akaonja. Akaonja tena.

"Mama?"

"Mtachoka! Huu ni udongo wa ndani! Huu sijaugusa tangu nizaliwe! Laini kama unga wa mhogo!" Akausokota, akaukunja, akaukunja tena. Haukukatika. "Ungo! Ungo uko wapi?"

"Tumeukalia, mama."

Basi wakabeba kwa nguo, wakabeba kwa mikono, wakarudi mbio na wimbo wao. Siku ya tano akafinyanga, usiseme, chungu kikubwa mpaka ikabidi aingie ndani yake kukilainisha. Siku ya sita, ya saba, akaanika. Siku ya nane akachoma. Wanyama wote wamezunguka moto, shingo zimerefuka, wanasubiri paa. Moto ukawaka. Moto ukashuka. Majivu yakapoa.

Simba mwenyewe akaja, akakigonga kwa ukucha.

Kikaliaje? Semeni!

– Ngeee!

Ngeeeee! Mpaka ng'ambo ya mto. Mkeka ukakunjwa, ukapelekwa arusini wakakalie wengine. Mbuzi peke yake hakwenda arusini, alisema tumbo linamsokota.

Pale arusini Simba akamwita Bi Somoe, Mbwa yuko miguuni pake na njuga zake. Simba akasema, "Mama, nisaidie. Huku porini wanabishana. Kati yako na huyu Mbwa, nani bwana wa mwenzake?"

Bi Somoe akasema, "Nikisema twende, mimi. Akisimama, yeye."

Na tangu siku hiyo Mbwa hakurudi porini. Fisi naye hajafika kwa watu. Akipita mbali akasikia mtu anamwita mbwa wake, anacheka, kwi kwi kwi, lakini si kicheko cha furaha.

Funzo lake ni hili, na wakubwa mlisikie kabla ya watoto. Ukimpa mtu kamba akuongoze, mpe na ruhusa ya kukukatalia. Anayekuitikia kila unachosema huyo anakufurahisha tu. Anayekupenda, siku yake ikifika, atalala juu ya miguu yako umtukane. Na nyinyi wawili wa mpaka wa shamba, kuna mtu amewaambia maneno na shikamoo. Msinijibu mimi. Mkaulizane wenyewe.

Hadithi yangu nimeitua hapo, juu ya mafiga. Mwenye chakula na apike.